Aijuaye Mwosha

Boston, 3 Julai 2023

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko? Goti linaendeleaje, na yule daktari mpya mwenye mikono ya barafu bado humpendi? Mimi mzima, ila joto la huku limetukaba, na feni ya chumbani kwetu ina kelele nyingi na upepo kidogo. Nakula vizuri, usianze.

Usishangae kupata barua ya kalamu. Ni sehemu ya mafunzo yenyewe. Hapa kwenye kituo cha utafiti kila msichana ameambiwa achague mwanamke mmoja wa ukoo wake, waandikiane kwa mkono, na barua za pande zote mbili zitawekwa kwenye kisanduku cha nyaraka zisomwe na watafiti hata miaka mia ijayo. Dk. Ilana, mkuu wetu, anasema wanaume wa Kiyahudi wametuachia maktaba nzima na wanawake wametuachia mapishi, kwa hiyo utafiti wa kifeministi unaanza kwa kumuuliza bibi yako swali ambalo hajawahi kuulizwa. Akaniuliza bibi yangu alikuwa anafanya kazi gani. Nikasema alikuwa anafundisha hesabu na kuosha maiti. Meza nzima iliacha kutafuna.

Tuko kumi na wawili, wote wasichana wa Kiyahudi. Wapo ambao siku ya Sabato hata taa hawagusi, na yupo Yardena wa Winnipeg, mwenzangu wa chumba, anayekula kamba wa baharini, tuliokatazwa, hadharani na kusema Mungu ana mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Tunabishana kutwa, tunasoma pamoja, tunakopeshana soksi. Sijawahi kuwa na mwezi kama huu.

Basi nimechagua mada yangu: wanawake wa chama cha mazishi cha Coalbrook. Ulikuwa humo miaka arobaini na moja, Bibi, na hujanieleza hata jambo moja. Hojaji yangu ina maswali thelathini na mawili lakini naanza na matatu. Mlikuwa mnafanya nini hasa? Nani alikufundisha? Na je, kuna jambo ambalo nyinyi wanawake wa chama mlilijua na wanaume wa sinagogi hawakulijua?

Jibu kwa herufi kubwa, miwani yangu imevunjika.

Mjukuu wako,
Tirza


Coalbrook, 8 Julai 2023

Tirza, kipenzi cha bibi,

Marahaba, mwanangu. Goti lipo, kila asubuhi linanikumbusha kuwa bado ni langu. Daktari nimemsamehe, nimegundua mama yake ni mzaliwa wa hapa. Wewe unasema unakula vizuri, mama yako anasema umekonda. Mmoja wenu ni mwongo, na mama yako nimemlea mimi.

Huyo Dk. Ilana mwambie mapishi si kitu cha kudharau. Babu yako alivisoma vile vitabu vyote na bado alikuwa akija jikoni na njaa yake.

Haya, chama. Usidhani ni mambo ya kutisha. Simu inalia, unaacha ulichokuwa unakifanya, unakwenda. Tulikuwa tunakwenda wanne wanne, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume. Aliyenifundisha ni Bi. Sadie Kressel, mwenye duka la vitambaa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya sajini. Unaingia, unanawa, unamwita marehemu kwa jina lake na la baba yake, unamwomba msamaha kabla hujamgusa. Shuka liko juu yake muda wote, unafunua pale tu unapoosha. Hupitishi kitu juu yake. Ukitaka sabuni iliyo upande wa pili, unamzunguka. Humlazi kifudifudi. Hakuna kuzungumza habari za mjini. Halafu maji ya kumtakasa: ndoo tatu kwa mtiririko mmoja, ya pili inaanza kabla ya kwanza haijaisha, na ya tatu vivyo hivyo. Maji yakikatika, mnaanza upya. Kisha sanda ya kitani isiyo na mifuko, kwa sababu hana cha kubeba. Mwisho mnasimama miguuni pake mnamwomba msamaha tena, ikiwa katika kazi yenu mmemkosea heshima. Mnatoka, mnanawa, mnakwenda kumenya viazi.

Familia haiambiwi nani aliosha. Hapo ndipo penye utu wenyewe, kumtendea wema mtu asiyeweza kukushukuru, na watu wake nao wasijue wamshukuru nani. Nimekutana na wajane na mayatima sokoni miaka yote hiyo, nikawapa pole kama mpita njia yeyote.

Swali lako la tatu silijibu. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na mwosha naye huoshwa. Kilichoonekana mle kinabaki mle. Wewe niulize habari za ndoo, nitakujibu mpaka mkono uchoke.

Herufi ni kubwa vya kutosha? Nenda kanunue miwani.

Bibi yako,
Harriet


Boston, 14 Julai 2023

Bibi kipenzi,

Shikamoo tena, na pole na mvua, Mama kaniambia maji yameingia mpaka gereji. Mimi sijambo, miwani ninayo, Yardena anasema sasa nafanana na rabi mdogo.

Nina habari njema! Unakumbuka sinagogi letu lilipofungwa maboksi yalipelekwa Boston? Yako hapa hapa, ghorofa ya chini ya jengo letu. Boksi la saba lina daftari la chama. Jalada la kijani, limepigwa na unyevu pembeni. Kila maiti ana mstari wake: tarehe, jina la Kiebrania, na majina ya waliomwosha. Kurasa nyingi ni mwandiko wako, Bibi! Niliutambua kwa saba zako zenye kikato katikati. Nilitaka kumwonyesha kila mtu aliye ndani ya chumba, na nikawaonyesha.

Nimeyanakili yote, mia mbili na kumi na mbili. Na katika hao wote, mmoja tu ameandikiwa neno la ziada. Nakunukulia:

"9 Machi 1983. Gittel binti Yosef. Sadie, Blanche, Mina, Harriet. Maji yalimwagwa mara mbili."

Baada ya hapo jina lako halipo kabisa mpaka Oktoba. Miezi saba. Kabla ya hapo hukukosa hata mara moja, hata mwaka ule ulipomzaa mjomba Alan.

Gittel ni nani? Kwa nini maji yalikatika? Hivi ndivyo Dk. Ilana anavyotufundisha, tutafute palipo na neno moja la ziada na palipo na pengo, kwa sababu wanawake waliandika historia yao hapo.

Tangu nilipousoma huo mstari sikai sawa. Nikiwa chumba cha kusomea nahisi kuna mtu amesimama nyuma yangu anangoja nimalize. Yardena anasema naongea usingizini siku hizi. Ati nasema maneno mawili tu, "Anza tena." Tumecheka sana, lakini mimi nilicheka kumfurahisha yeye.

Mjukuu wako mtafiti,
Tirza


Coalbrook, 19 Julai 2023

Tirza,

Nimepokea barua yako. Mimi mzima.

Huyo mmoja mwache. Ndoo iliniteleza, nikaumwa mgongo, nikapumzika miezi saba. Andika hivyo.

Jina lile nilikuwa sijalisoma tangu nilipoliandika. Toka barua yako ije, nikifungua bomba la jikoni maji yanatoka kidogo, yanakatika, yananyamaza, yanatoka tena. Fundi amekuja mara mbili, anasema bomba zima kabisa. Kanitazama kwa huruma, ile ya kutazamia vikongwe.

Bi. Blanche na Bi. Mina ni marehemu, Sadie ni marehemu. Niulize lingine. Niulize kitani tulinunua wapi.

Na hayo uliyoyasema usingizini usimwambie mtu, wala usiniandikie tena.

Bibi


Boston, 30 Julai 2023

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mfungo wa maombolezo wa Tisa Avi umeumaliza salama na hukufunga kutwa nzima kwa ubishi. Mimi nilifunga mpaka saa nane nikaanguka kifudifudi kwenye sahani ya tambi.

Bibi, nimefanya jambo. Nimekaa nalo siku nne nikitafuta namna nzuri ya kulisema, haipo.

Sikumwacha. Nilitafuta magazeti ya Coalbrook ya Machi 1983. Gittel binti Yosef alikuwa anaitwa Arlene Perlmutter, umri miaka thelathini na minne. Gazeti linasema alianguka kwenye ngazi za chumba cha chini nyumbani kwake. Aliacha mume, Sheldon, mfamasia, na mtoto mmoja wa kike, Marla, miaka minane. Marla nimempata. Anaishi Hartford, anafundisha piano. Nikamwandikia barua nikajieleza, nikamwambia kuwa bibi yangu, Harriet Gruber, alikuwa mmoja wa wanne waliomwosha mama yake, nikamuuliza kama angekubali kuhojiwa.

Najua. Uliniambia familia haiambiwi. Nilisoma ukurasa ule mara kumi na nikaona kama ni desturi nzuri ya kuandika kwenye ripoti. Sikuona kama ni amri inayonihusu mimi.

Amejibu. Nakunakilia maneno yake, kwa sababu hayakuja kwangu, yamekuja kwako:

"Mpendwa Tirza, asante kwa kunitafuta. Sijawahi kukutana na mtu aliyemwona mama baada ya siku ile. Mimi sikuruhusiwa. Baba aliniita jioni ile akaniambia mama amekanyaga kiatu changu cha magurudumu, nilichokiacha kwenye ngazi. Hakunipiga, hakunigombeza. Alisema itakuwa siri yetu sisi wawili ili watu wasinichukie. Aliitunza siri hiyo, na mimi nikamshukuru maisha yangu yote. Alipopata kiharusi niliacha kazi Chicago nikaja kumuuguza miaka kumi na moja, kumlisha, kumbadilisha nguo, mpaka alipofariki mwaka 2019, kwa sababu mimi ndiye niliyemfanya mjane. Mahojiano sitaki. Nina swali moja tu kwa bibi yako. Aniambie mama aliumia wapi. Nataka kujua kiatu changu kilimfanya nini."

Nimelia mpaka Yardena akamwita Dk. Ilana. Sikumwambia Dk. Ilana kitu.

Wewe unajua, Bibi. Sijui ni nini unachokijua lakini najua unajua. Mwandikie, au niambie mimi nimwandikie. Anangoja.

Mjukuu wako,
Tirza


Coalbrook, 3 Agosti 2023

Tirza,

Salamu zako zimefika. Zangu sina.

Umechukua jina langu ukalipeleka kwa yatima. Miaka arobaini na moja hakuna jicho la mfiwa lililonitazama na kujua, na wewe umelifanya lijue kwa stempu moja. Mnafundishwa nini huko? Kwamba kila mlango uliofungwa, aliyeufunga ni mwanamume? Mlango huu tuliufunga wenyewe, wanawake wazima wanne, na tulijua tunafunga nini.

Barua hii usiitie kwenye kisanduku chenu. Wala ile iliyotangulia. Kama zimeshatiwa, kazitoe.

Usiniandikie mpaka nikuandikie.

Harriet

Kiatu cha magurudumu. Tirza, una hakika ndivyo alivyoandika?


Philadelphia, 13 Agosti 2023

Bibi yangu,

Shikamoo. Uliniambia nisikuandikie, na wiki nzima nimetii, zaidi ya hapo siwezi. U mzima? Simu yako inaita tu.

Nimerudi nyumbani. Mafunzo yalikwisha Alhamisi iliyopita, siku chache baada ya barua yako kunifikia. Siku ya kuwasilisha nilizungumza habari za ndoo tatu, sanda isiyo na mifuko, na Bi. Sadie na sauti yake. Watu walipiga makofi. Mstari wa tarehe 9 Machi sikuusoma. Dk. Ilana alikuwa ameuona kwenye nakala zangu, akaniuliza kwa nini nimeuruka. Nikamwambia huo si wangu. Akasema hilo nalo ni jambo la utafiti. Barua zako mbili nimezitoa, ziko hapa chini ya mto wangu.

Nisamehe kwa kulitoa jina lako. Nilitaka kuwa msichana aliyegundua kitu. Ndiyo ukweli wenyewe na nimeuonea haya.

Lakini Bibi, hasira yako nimeikubali na bado nina neno. Mlikuwa mnamlindia nani heshima? Kama ni Gittel, mtoto wake anaamini alimuua. Sidhani kama Gittel angeiita hiyo heshima. Usinijibu mimi, mjibu yeye.

Mama amepigiwa na jirani yako Bi. Lois. Anasema alikuona Jumatano kituo cha basi, umevaa koti lako zuri katika joto hili, na ulipoulizwa unakwenda wapi ulisema unakwenda kwa mtu. Mama amechanganyikiwa. Kwa nani, Bibi?

Mjukuu wako anayekupenda,
Tirza


Coalbrook, 20 Agosti 2023

Mjukuu wangu Tirza,

Salaam, mwanangu. Shikamoo zako zote za mwezi huu nazijibu marahaba kwa pamoja, kwa maana niliziacha bila kuitikia. Mimi mzima, goti limevimba, nimelipandisha kwenye kiti. Mwezi wa Eluli, mwezi wetu wa toba, umeingia. Zamani tulikuwa tukisikia baragumu asubuhi kutoka sinagogini. Sasa pale pana duka la magodoro.

Nilimtafuta Marla kwa simu, kisha nikaenda Hartford, mabasi mawili. Nilivaa koti kwa sababu ndilo ninalovaa nikienda kwenye msiba.

Marla alinifungulia mlango na nikashika fremu. Ni mama yake mtupu. Mwanamke yule tuliyemlaza pale mezani amesimama mbele yangu, kaongezeka miaka kumi na minne, ana mvi, anasema, "Karibu, Bi. Gruber." Alinikalisha, akanipa chai na keki ya tufaha. Ukutani kuna picha ya Sheldon. Nikamwomba aigeuze. Aliigeuza, akaketi na mikono magotini kama mtoto anayesubiri majibu ya mtihani.

Nikamwambia, na sasa nakwambia na wewe, maana umebeba nusu ya mzigo huu tayari.

Mimi ndiye niliyekuwa na ndoo ya kwanza. Maji yalipotelemka toka kichwani nywele zilisogea, nikaona shingo. Alama za vidole vinne upande huu, ya kidole gumba upande ule. Juu ya viwiko kulikuwa na alama nyingine, za kijani na za manjano, za zamani, zimepandana. Mikono yangu ikasimama yenyewe na maji yakakatika. Sadie aliniangalia juu ya barakoa yake, akasema, "Anza tena." Maneno hayo sikuyaandika popote, wala sikumwambia babu yako. Ulivyoyapata wewe usingizini sijui, na nimeacha kujiuliza, kwa sababu majibu yote niliyoyafikiria yananitisha.

Na viganja, Tirza. Mtu akijikwaa hutanguliza mikono. Mimi ndiye niliyeosha mikono yake, kucha kwa kucha. Viganja vilikuwa laini, havina hata mkwaruzo. Magoti vivyo hivyo. Yule hakukanyaga kiatu wala hakukanyaga kitu. Alitupwa.

Daktari alikuwa mtu wa kwetu, alikwishatia sahihi, na sisi tunazika upesi. Tulipotoka nje Blanche alisema twende kwa rabi. Sadie akasema aibu ya maiti haitoki nje ya mlango huu. Tukamfuata, kwa sababu alikuwa mkubwa wetu na kwa sababu ilikuwa rahisi. Miaka arobaini nimejiuliza ilikuwa aibu ya nani. Ya Gittel haikuwa.

Dawa zangu za presha nilikuwa nikinunua kwa Sheldon. Kila mwezi alinikabidhi mfuko, na kila mwezi nilitazama vidole vyake. Alikuwa ananiambia, "Usisahau kunywa na chakula, Harriet." Nikasema asante. Tirza, nilikuwa nasema asante.

Na nilikwenda matangani. Vioo vimefunikwa, watu wameketi kwenye vigoda, meza imejaa mayai ya kuchemsha. Nilipotoka uani kutupa uchafu nilimkuta yule mtoto ameinama kwenye pipa, anasukumiza viatu vya magurudumu chini kabisa ya taka, anavifunika na magazeti. Aliniona. Nikadhani ni huzuni ya kitoto. Nilimpapasa kichwa nikarudi ndani. Uliponinakilia ile barua yake, hapo ndipo nilipoyaelewa macho aliyonitazama nayo.

Haya yote nilimwambia. Hakulia. Aliniambia nimwonyeshe, nikaweka vidole vyangu shingoni mwangu, hapa na hapa. Akatazama muda mrefu. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Mlikuwa wanne?"

Nikasema ndiyo.

"Wote mliona?"

"Wote."

"Mkanywa chai nyumbani kwetu siku saba. Mkanipapasa kichwa. Halafu mkaniacha naye."

Tirza, nimesimama mbele ya maiti mia mbili na zaidi nikaomba msamaha. Kwa Gittel nimeomba kila mwaka, peke yangu, nikijua maiti hajibu. Huyu aliyekuwa hai sikumwomba hata siku moja. Haikunijia hata akilini kwamba ndiye niliyemkosea. Nilimwomba pale pale, nikamtaja jina lake la Kiebrania na la mama yake, Malka binti Gittel.

Akasema, "Hapana."

Hakulisema kwa hasira. Sheria yetu inasema mtu aombe mara tatu, na akikataliwa zote tatu, yeye amekwishatua mzigo. Mimi nitaomba mara ya pili na ya tatu, lakini mzigo sitautua, na nimemwambia hivyo. Nikachukua mkoba wangu.

Aliniuliza basi langu linaondoka saa ngapi. Saa kumi na moja, nikasema. Akasema, "Basi una muda. Kaa. Kwetu baba hakutaka mama atajwe, na mimi niliogopa kukumbuka. Nimebaki na sauti ya viatu vyake tu. Niambie, mama alikuwa anachekaje?"

Nilikaa. Miaka sita tuliketi safu moja sinagogini, yeye kiti cha tatu kutoka kwangu. Tulimenya viazi pamoja kwa sherehe za watoto. Nilitafuta, Tirza, nilitafuta kichwani mpaka chai ikapoa. Najua uzito wa mkono wake. Najua alikuwa na kovu la mshono tumboni na alama nyeusi nyuma ya sikio la kushoto. Nilimwosha mwili mzima na sijui alikuwa anachekaje. Nikamwambia sijui.

Hapo ndipo alipolia, na sikuwa na haki ya kumshika.

Sasa nisikilize. Lolote katika hizi barua lisiende kwenye kisanduku mpaka Marla aseme, na jina la baba yake likiandikwa, yeye ndiye atakayeliandika. Lakini wewe ni mtafiti, na miguu yangu imekwisha. Arlene alisoma shule ya wasichana ya Scranton, akahitimu mwaka 1966. Alifanya kazi miaka miwili kwenye duka la kofia la kina Lubin. Alikuwa na rafiki mmoja, mrefu, mwenye gari jekundu, ambaye baada ya harusi hakuonekana tena. Anza na huyo. Watafute wote, hata kama ni vizee visivyojua leo ni Jumatatu au Jumanne, ukae nao uwaulize. Mtafute mtu mmoja aliye hai aliyemsikia Arlene Perlmutter akicheka, na usinipelekee mimi jibu, mpelekee binti yake.

Bibi yako,
Harriet